Somo la Mwezi: Saladi ya Kabichi na Sosi ya Kujitengenezea Nyumbani



Ukisafiri kutoka Kiganjo kuelekea Naromoru wakati kabichi zimekomaa, utaziona zimerundikwa kando ya barabara zikisubiri lori la kwenda Nairobi. Lori likikosa kufika, au soko likijaa, bei huanguka siku hiyo hiyo. Sisi tuliolelewa Kieni tunajua kinachofuata: kabichi nzuri, ngumu na nzito hukatwakatwa na kupewa ng'ombe.

Wakati huo huo, katika zahanati zetu kuna foleni nyingine. Ni ya watu wazima wanaokuja kupimwa shinikizo la damu na sukari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza uligundua kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi hawali matunda na mboga za kutosha kila siku. Mboga tunazo shambani, ila haziingii kwenye sahani kwa kiasi na kwa namna inayofaa.

Baba yangu alikuwa mmoja wa watu wa foleni hiyo. Alipoambiwa apunguze chumvi na aongeze mboga, nilimwandalia sahani ya kabichi mbichi. Baba huniita "Maitu", kwa sababu nina jina la mama yake. Aliitazama sahani, akanitazama mimi, akasema, "Maitu, mimi si mbuzi." Hakuila.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimemkatia kabichi nene kama mkanda, bila ladha yoyote, nikamwambia ni dawa. Nilipojifunza kuikata vizuri na kuitengenezea sosi, mambo yalibadilika, na siku hizi huulizia ikikosekana. Somo la mwezi huu linatokana na safari hiyo fupi ya kutoka sahani ya kwanza hadi ya pili.

Utakachojifunza

Ukimaliza kusoma somo hili utaweza:

1. kusafisha kabichi ya kuliwa mbichi ili isikuletee ugonjwa;
2. kutengeneza saladi ya watu watano kwa viungo vya soko la kawaida;
3. kutengeneza sosi tatu za saladi, ambazo wengine huziita dresingi, bila kununua chupa dukani;
4. kujua nani anafaa kuwa mwangalifu na saladi hii.

Kwa nini kabichi, na kwa nini mbichi

Watu wengi hudharau kabichi. Huichukulia kama mboga ya shule za bweni au ya mwisho wa mwezi, lakini tukiipima tunaona ina faida nyingi. Gramu 100 za kabichi mbichi zina takriban miligramu 36 za vitamini C na gramu 2.5 za nyuzinyuzi. Nguvu zake ni takriban kalori 25 tu, kwa kuwa sehemu kubwa ya kabichi ni maji. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 45 za vitamini C kwa siku kulingana na mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo gramu 80 za kabichi mbichi, ambazo ni kama konzi mbili kubwa za kabichi iliyokatwa, zinakupa zaidi ya nusu ya mahitaji hayo.

Taabu ya vitamini C ni kwamba huharibiwa na moto na pia huyeyuka katika maji. Kabichi ikichemshwa kwa muda mrefu na maji yake kumwagwa, sehemu kubwa ya vitamini hiyo huenda na maji. Ikikaangwa kwa mafuta mengi hadi ibadilike rangi, huongezewa mafuta na kupunguziwa faida. Kabichi ya kupikwa bado ni chakula kizuri, hasa ikiivishwa kwa dakika chache tu. Hata hivyo, ni vyema katika wiki kuwe na siku ambazo familia inaila mbichi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Hapa kwetu kuna jambo la kuzingatia: viazi havihesabiwi. Waru, viazi vitamu, mihogo na nduma ni vyakula vya wanga. Sahani ya mukimo peke yake, hata iwe kubwa namna gani, haijakufikisha kwenye gramu 400.

Mboga ni urithi wa eneo hili. Katika miaka ya 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Karatina palikuwa na kiwanda cha kukausha mboga za wakulima wetu ili kulisha wanajeshi. Leo soko la Karatina ni kati ya masoko makubwa ya wazi nchini, na lori za mboga hutoka hapo kwenda miji ya mbali. Tumewalisha wengine mboga kwa muda mrefu, na sasa inafaa tujilishe sisi wenyewe pia.

Usafi kwanza

Tafadhali usiiruke sehemu hii. Chakula kinachopikwa husafishwa na moto, lakini saladi haipiti motoni. Uchafu wowote ulioletwa na maji ya kunyunyizia shamba, mbolea, gari la kusafirishia, sakafu ya soko au mikono yetu huingia tumboni moja kwa moja. Homa ya matumbo, kipindupindu, amiba na minyoo vyote vinaweza kupitia mboga mbichi. Saladi chafu haina faida yoyote ya kiafya, hata iwe na vitamini nyingi kiasi gani.

Fuata hatua hizi:

Kwanza, nunua kabichi nzima. Chagua iliyofunga vizuri, nzito kwa ukubwa wake, isiyo na mashimo wala sehemu zilizooza. Kabichi ambayo mama mboga amekwisha kuikata na kuitia kwenye mfuko inafaa kupikwa. Usiitumie kwa saladi, kwa sababu hujui kisu, ubao na mikono vilioshwa na maji gani, wala imekaa juani kwa muda gani.

Pili, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Osha kisu, ubao na bakuli. Ikiwa ubao umetumika kukatia nyama au kuku, uoshe kwa sabuni na maji moto kabla ya kuleta mboga karibu. Kama una uwezo, weka ubao mmoja wa nyama na mwingine wa mboga.

Tatu, tayarisha maji salama. Maji ya mto, ya kisima au ya tangi lisilofunikwa si salama kwa kuoshea mboga ya kuliwa mbichi. Yachemshe au uyatibu kwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Sisi wa nyanda za juu tukumbuke kwamba kadiri unavyopanda mlima ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini zaidi. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Naromoru iko juu zaidi. Kwa hiyo usiondoe sufuria mara tu unapoona mapovu. Acha maji yatokote kwa nguvu kwa dakika 3, kisha uyafunike yapoe.

Nne, ondoa majani mawili au matatu ya nje. Hayo ndiyo yaliyoguswa zaidi na udongo, dawa na mikono. Ng'ombe na kuku wanaweza kuyapata ikiwa hayana dawa mbichi.

Tano, pasua kabichi mara nne, kisha loweka vipande kwa dakika 10 katika maji safi yenye chumvi kidogo. Lengo la chumvi ni kuwatoa viwavi na vidukari waliojificha kati ya majani. Haiui viini vya magonjwa, kwa hivyo isikudanganye ukatumia maji yasiyo salama. Mwaga maji hayo, kisha suuza kila kipande mara mbili kwa maji salama ukiyamimina juu yake. Usitumie sabuni kuosha mboga.

Sita, kausha. Weka vipande kwenye chujio au juu ya kitambaa safi hadi maji yachuruzike. Kabichi yenye maji hufanya sosi iteleze na kubaki chini ya bakuli.

Karoti, pilipili hoho, kitunguu na dania navyo vioshwe kwa uangalifu huo huo. Dania hubeba udongo mwingi katika mashina yake, kwa hiyo itenganishe kabla ya kuiosha.

Viungo vya saladi ya watu watano

- Kabichi nusu ya ukubwa wa wastani, takriban gramu 400 ikishatolewa kiini kigumu
- Karoti 2
- Pilipili hoho 1, ya rangi yoyote
- Kitunguu 1 kidogo
- Dania, konzi moja
- Ukipenda: tufaha moja au kipande cha nanasi, kwa ajili ya watoto

Hatua za kutengeneza

1. Toa kiini kigumu cha kabichi. Laza kila kipande ubavuni na ukikate vyembamba kadiri uwezavyo. Hapa ndipo nilipokosea na baba. Kabichi nene hutafunwa kwa taabu na haishiki sosi. Tumia kisu kikali, kwa sababu kisu butu huponda mboga na pia huteleza na kukata vidole.

2. Kwaruza karoti, au uzikate vijiti vyembamba. Kata hoho na kitunguu vyembamba. Kama kitunguu ni kikali, kiloweke kwenye maji salama kwa dakika 5 kisha ukikamue.

3. Tia kabichi katika bakuli kubwa. Nyunyiza chumvi robo kijiko cha chai na uikamue polepole kwa mikono safi kwa dakika moja. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye kabichi, nayo hulainika na kupungua ukali. Wazee na watu wenye meno dhaifu wataipenda zaidi hivi. Kama maji mengi yametoka, yamwage.

4. Ongeza karoti, hoho na kitunguu. Changanya.

5. Mimina sosi dakika 10 kabla ya kula, kisha ukoroge hadi kila kipande kiguswe na sosi. Nyunyiza dania mwishoni.

Hiyo robo kijiko ya chumvi ndiyo chumvi yote ya chakula hiki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ikijumuishwa chumvi ya vyakula vyote. Robo kijiko kikigawanywa kwa watu watano, kila mmoja anapata kidogo sana. Usiongeze viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi, kwa sababu vingi vyavyo vina chumvi nyingi. Ladha itatoka kwenye sosi.

Sosi: inavyofanya kazi

Kila sosi ya saladi ina sehemu tatu: mafuta, kitu kikali kama limau au siki, na kitu cha kuviunganisha. Mafuta na limau havipendani, na ukivitia katika chupa moja vitajitenga. Asali, haradali, parachichi au njugu iliyosagwa husaidia kuvishikanisha. Ndiyo maana tunatikisa sosi kwa nguvu kabla ya kuimimina.

Mafuta kidogo katika saladi yana kazi yake. Karoti ina kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na mwili hukichukua vizuri zaidi kikiliwa pamoja na mafuta. Cha kuzingatia ni kiasi.

*Sosi ya kwanza: limau na asali*

Mafuta ya alizeti vijiko vikubwa 3, maji ya limau vijiko vikubwa 2, asali kijiko kimoja cha chai, pilipili manga kidogo, na punje moja ya kitunguu saumu au kipande kidogo cha tangawizi kilichopondwa. Tia vyote katika chupa safi ya jemu, funga kifuniko, tikisa kwa nusu dakika. Onja. Ikiwa ni kali, ongeza mafuta kidogo. Ikiwa imepooza, ongeza limau. Ukikosa limau tumia ndimu au siki.

*Sosi ya pili: parachichi na maziwa lala*

Parachichi moja lililoiva, maziwa lala nusu kikombe, maji ya limau kijiko kikubwa 1, kitunguu saumu punje moja. Ponda parachichi kwa uma hadi lilainike, ongeza vitu vingine na ukoroge. Sosi hii haihitaji mafuta mengine, kwa sababu parachichi lina mafuta yake. Ni nzito na laini, na inachukua vizuri nafasi ya mayonezi ya dukani. Tumia maziwa lala yaliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa. Limau huzuia parachichi kuwa jeusi haraka, lakini sosi hii iliwe siku hiyo hiyo.

*Sosi ya tatu: njugu karanga*

Siagi ya njugu isiyo na sukari vijiko vikubwa 2, maji ya uvuguvugu vijiko vikubwa 3, maji ya limau vijiko vikubwa 2, tangawizi iliyopondwa kidogo, na pilipili ukipenda. Koroga hadi iwe laini. Kama unasaga njugu mwenyewe, tupa zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Sumu inayotokana na ukungu haiondolewi na kukaanga.

Huenda ukauliza kwa nini hatujafundisha mayonezi ya nyumbani. Mayonezi hutengenezwa kwa mayai mabichi, na yai bichi linaweza kubeba viini vya salmonela. Kwa familia yenye watoto wadogo, wazee au mama mjamzito, hatari hiyo haina sababu, ilhali sosi ya parachichi inaifanya kazi hiyo vizuri.

Iliwe na nini

Saladi hii si mlo kamili. Inakwenda vizuri na githeri, mukimo, ugali na samaki, au kuku wa kuchemsha.

Githeri inastahili kutajwa peke yake. Maharagwe yana madini ya chuma, ambayo mwili huyahitaji kutengeneza damu. Hata hivyo, chuma cha mimea huchukuliwa na mwili kwa shida. Vitamini C ikiwepo katika mlo huo huo, mwili huchukua chuma kingi zaidi. Kwa hiyo githeri na saladi ya kabichi yenye limau husaidiana.

Chai nayo hufanya kinyume. Majani ya chai yana vitu vinavyozuia chuma kuingia mwilini. Najua kwetu mlo bila chai haujaisha. Hatukatazi chai, ambayo ni kazi ya mikono ya wakulima wetu wa Othaya, Tetu na Mathira. Tunaomba tu ukae kama saa moja baada ya chakula kabla ya kuinywa, hasa kwa akina mama wajawazito, wasichana na watoto.

Nani awe mwangalifu

*Wanaotumia dawa ya wafarini* ya kuzuia damu kuganda. Kabichi ina vitamini K, ambayo inaweza kupunguza nguvu ya dawa hiyo. Si lazima uiache, lakini usibadilishe ghafla kiasi unachokula kabla ya kuongea na daktari wako.

*Wenye kisukari.* Acha asali katika sosi ya kwanza.

*Wenye matatizo ya tezi ya shingo.* Kabichi mbichi nyingi sana kila siku inaweza kuingilia matumizi ya iodini mwilini. Sahani ya kawaida si tatizo kwa watu wengi, na chumvi inayouzwa nchini huongezwa iodini kwa mujibu wa sheria. Ukiwa tayari unatibiwa, muulize daktari.

*Wanaosumbuliwa na gesi tumboni.* Anza na vijiko vichache na uongeze polepole. Mwili huzoea nyuzinyuzi kwa muda.

*Watoto.* Asali isipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Watoto wadogo wasiojua kutafuna vizuri wapewe kabichi iliyopikwa na kupondwa.

*Wenye mzio wa njugu* wasiguse sosi ya tatu. Unapowaalika wageni, waambie kilichomo.

Na la mwisho, kwa wenye shinikizo la damu: saladi haichukui nafasi ya vidonge. Baba bado anameza dawa zake kila asubuhi na kwenda kliniki tarehe aliyopewa. Chakula na dawa hufanya kazi pamoja.

Kwa mkulima na muuzaji

Usafi wa saladi huanzia shambani. Kiwavi wa kabichi na vidukari ni wasumbufu, na wakulima wengi hulazimika kunyunyiza dawa. Kila dawa iliyosajiliwa ina maandishi kwenye kibandiko yanayosema ni siku ngapi zipite kati ya kunyunyiza na kuvuna. Siku hizo ziheshimiwe hata kama lori limefika na bei ni nzuri. Kuosha kabichi hupunguza dawa iliyo juu ya majani, lakini dawa iliyoingia ndani ya mmea haioshwi. Anayekula anaweza kuwa mtoto wa jirani yako, au wako.

Ukitaka kujifunza kupunguza dawa kwa kubadilisha mazao, kukagua shamba mara kwa mara na kuwalinda wadudu wenye faida, muone afisa wa kilimo wa wadi yako au utembelee Kituo cha Mafunzo ya Kilimo cha Wambugu hapa Nyeri.

Kwa mama mboga na wenye vibanda: kabichi zisiwekwe juu ya udongo, na maji ya kunyunyizia mboga ili zisinyauke yawe safi. Wanaouza kachumbari na saladi tayari wawe na cheti cha kupimwa afya, wafunike chakula na wasitumie mkono mmoja kushika pesa na mboga. Mteja akiona usafi hurudi.

Maswali ambayo wakaazi hutuuliza

*Saladi inaweza kukaa kwa muda gani?*
Ikishatiwa sosi, iliwe ndani ya saa 2 ikiwa haiko katika friji. Baridi ya Nyeri si friji. Kabichi iliyokatwa bila sosi inaweza kukaa kwenye friji, katika chombo kilichofunikwa, hadi siku inayofuata. Hata hivyo, kata unayohitaji tu, kwa kuwa vitamini C huendelea kupungua baada ya kukata.

*Limau au siki haiui viini?*
Huvipunguza kasi, lakini haiwezi kutegemewa kusafisha mboga chafu. Osha kwanza.

*Kabichi nyekundu ni bora?*
Ina vitamini C zaidi, lakini mara nyingi huwa ghali. Ile ya kijani inatosha.

*Mafuta ya kupikia ya kawaida yanafaa?*
Ndiyo, mradi yawe ya maji, kama ya alizeti. Mafuta yanayoganda hayachanganyiki na huacha utando mdomoni.

Zoezi la wiki

Wiki hii chagua siku mbili. Siku ya kwanza tengeneza saladi kwa sosi ya limau, na siku ya pili kwa sosi ya parachichi. Waache watoto watikise chupa, kwa sababu mtoto hula kwa furaha alichosaidia kutengeneza. Kisha uulize mezani ni ipi iliyopendwa zaidi, na uiandike mahali.

Kama hujapimwa shinikizo la damu mwaka huu, unganisha zoezi hili na hatua moja zaidi. Tembelea zahanati iliyo karibu nawe, au mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Tangu mwaka 2023 wahudumu hao wamepewa mikoba yenye vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari, nao hufika hadi mlangoni. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Baba yangu alidhani ni uchovu wa kuchuma chai.

Kabichi moja, karoti mbili na limau haviwezi kuvunja bajeti ya nyumba nyingi. Msimu bei inapoanguka, nunua moja zaidi kwa mkulima wa Kieni badala ya kuiacha iende kwa ng'ombe. Ioshe vizuri, ikate vyembamba, na ule pamoja na watu wako.

Mlo mwema.